Mpira Ulioangukia Mpakani

Walisema sitaweza. Mama Aika, jirani yetu wa upande wa juu, alisema mtoto mfupi kama kinu hawezi kucheza mchezo ambao wavu wake umefungwa juu kuliko kizingiti cha mlango wa kanisa. Babu Tarimo wa upande wa chini alisema nitaishia kidato cha pili kama baba yangu alivyoishia. Shangazi yangu wa Arusha alituma salamu kwamba nisipotezewe muda, nifundishwe kupasua mbao. Leo nina stashahada ya ufundi wa umeme, niliyoisomea kwa jasho langu. Nimefanya kazi Mwanza, nimefanya kazi Mtwara, nimefanya kazi Muscat kwenye joto linaloyeyusha soli ya kiatu, na nimerudi nyumbani mwenyewe bila kuitwa na msiba. Nyaya zote za nyumba ninamoandikia haya nilizivuta kwa mikono yangu, swichi kwa swichi. Ninayasema waziwazi. Mtu aliyejijenga asiposema mwenyewe, atasifiwa siku ya mazishi yake, na siku hiyo hatasikia.

Lakini si stashahada iliyonifanya nikae kuandika. Ni majivu. Wiki iliyopita nilikuwa nikisafisha jiko la zamani la Bibi, lile la mabati lililojificha nyuma ya migomba. Bibi alituacha nikiwa mbali. Walimzika bila mimi, na niliporudi sikuwa na moyo wa kuligusa jiko lake mpaka siku hiyo. Nikayazoa majivu ya mafigani, nikayajaza kwenye ndoo, nikaitoa nje. Manyunyu yakashuka kutoka msituni, yale yanayokuja bila mawingu ya kuonyesha, yakayalowesha. Harufu ya majivu yaliyolowa ikapanda. Nikakaa juu ya jiwe, mtu mzima mimi. Nilikuwa tena na miaka kumi na mitano, nimesimama peku kwenye uwanja wa mpira wa wavu wa shule yetu.

Shule yetu ilikuwa ya sekondari ya kata, imejengwa kwenye mteremko kama kila kitu huku kwetu. Hatukuwa na chokaa. Kila Ijumaa mwanafunzi alileta kopo moja la majivu kutoka jikoni kwao, na Mwalimu Masanja aliyamwaga akirudi kinyumenyume, akichora mistari ya uwanja. Alikuwa mtu wa Usukumani, mrefu kama mlingoti, na alikuwa na kijitabu cha sheria za mchezo alichokifunika kwa gazeti ili kisichafuke. Mpira ukitoka upande wa chini ulibingirika mpaka kwenye mfereji, na aliyeutoa ndiye aliyeufuata. Kwa hiyo sisi tulijifunza kulenga kabla ya kujifunza kupiga kwa nguvu. Timu za mjini hazikuwa na bahati hiyo.

Siku niliyokwenda kuomba kucheza, wenzangu walicheka hadi wakashikana mabega. Nahodha wetu alikuwa Elibariki, kijana mwenye mikono mirefu na moyo mpole. Yeye hakucheka, lakini alitazama chini.

"Kinu," alisema mmoja, kwa sababu neno la Mama Aika lilikuwa limeshashuka mpaka shuleni, "utazuia mpira kwa kofia?"

Mwalimu Masanja alifungua kijitabu chake, akalamba kidole, akatafuta ukurasa. "Sikilizeni. Kuna nafasi hapa ya mtu asiyeruka. Haruhusiwi kupiga smashi. Haruhusiwi kuzuia wavuni. Anakaa nyuma, anapokea kila kinachoshuka. Anaingia na kutoka bila kuhesabiwa. Na anavaa fulana ya rangi yake peke yake, ili mwamuzi amjue." Akakifunga. "Nani mfupi hapa?"

Vidole vyote vilinielekea. Nami niliamini, na niliendelea kuamini kwa muda mrefu, kwamba kuna watu wakubwa mahali fulani duniani waliokaa kikao wakanifikiria mimi. Ile fulana ya rangi ya peke yake niliiona kama joho la askofu. Sikujua kwamba ni alama tu ya kumsaidia mwamuzi.

Tatizo lilikuwa ng'ombe. Nyumbani tulikuwa wawili, Bibi na mimi, na ng'ombe mmoja wa maziwa wa kufungiwa zizini, ambaye ndiye aliyelipa ada yangu. Ng'ombe wa ndani hajui ratiba ya mazoezi. Majani yake yalikatwa saa ileile ambayo wenzangu walikuwa wakifunga wavu, na mkataji nilikuwa mimi, kwa sababu mgongo wa Bibi ulikuwa umeshakataa. Wiki za mwanzo nilifika uwanjani mazoezi yakikaribia kuisha, jasho la majani shingoni, nikapokea mipira mitano, sita, jua likazama. Mengi ya mwanzo yalifundishwa nikiwa kwenye kingo za mfereji na mundu. Sikuuliza. Nilidhani kuuliza ni kuonyesha kwamba sikuwepo.

Siku moja Mwalimu alimwambia Elibariki anipeleke nyumbani, amwombe Bibi. Elibariki aliamkia, akakaa kwenye kigoda, akanyamaza kabisa. Bibi alimpa uji, akamaliza, akampa mwingine.

"Umekuja kunywa uji?" Bibi akamuuliza hatimaye.

"Hapana, Bibi. Tunamhitaji Kinu. Mipira yote anaipata."

"Ng'ombe naye anamhitaji."

Bibi alikuwa mwanamke mkavu wa maneno. Lakini jioni ile alikwenda kwa Mama Aika, na nikawasikia wakizungumza Kichagga kwa muda mrefu, mara wakicheka, mara wakigombana. Aliporudi alikuwa na masharti. Siku za mazoezi Mama Aika, ambaye alikuwa na vijana watatu wa kukata, angetukopesha mzigo mmoja wa majani. Huku kwetu majani hayauzwi kati ya jirani na jirani. Yanakopeshwa, na yanarudi yakiwa majani. "Ni mpaka siku ya mashindano ya mjini," Bibi alisema, akininyooshea mwiko. "Mkishinda, tutazungumza. Mkishindwa, mpira basi. Unarudi kwenye majani yako."

Nikakubali haraka, kama mtu anayejua hatashindwa. Nikaendelea kukopa. Kaka yake Elibariki alinikopesha raba, kubwa kwangu kwa vidole viwili. Fulana ya rangi tofauti nilimwomba Babu Tarimo, maana yeye alikuwa na moja ya njano aliyopewa na watu wa mbegu, yenye picha ya hindi kubwa kifuani.

"Unataka fulana yangu ukaishindie nayo?" aliniuliza.

"Ndiyo, Babu."

"Basi usiitie jasho la kushindwa."

Sasa lazima niwaeleze kuhusu masale, la sivyo hamtaelewa kilichonipata mjini. Kati ya kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani la migomba, na cha Mama Aika hakukuwa na ukuta wala waya. Kulikuwa na masale, ile mimea ya majani marefu membamba ambayo wazee waliipanda mpakani kabla hatujazaliwa. Masale hayang'olewi wala hayasogezwi. Upande wa Mama Aika kulikuwa na mparachichi mkubwa, na matunda yake yalidondoka popote yalipotaka. Likidondoka kwake, lake. Likidondoka kwetu, Bibi alilipeleka kwake, naye alikata akampa nusu. Lakini likidondoka kwenye masale penyewe, sheria ya Bibi ilikuwa moja. Usiliguse. Rudi hatua moja nyuma, nyoosha mikono pembeni waione mitupu, umwite jirani. "Limedondoka!" Kisha usubiri aje, mkazungumze. Nilichapwa mara moja tu maishani kwa fimbo, nikiwa na miaka sita, na ilikuwa kwa sababu ya parachichi la mpakani. Baada ya hapo miguu yangu ilirudi nyuma yenyewe.

Na pale shuleni hakuna kilichonisahihisha. Mistari yetu ya majivu ilikanyagwa dakika tano za kwanza ikawa ukungu mpana wa kijivu. Mpira ukiangukia kwenye ukungu ule, wa huku walisema umetoka, wa kule walisema uko ndani, tukapiga kelele, kisha tukaurudia. "Wa mpakani, tunarudia!" Ndivyo tulivyocheza, na mimi nikaona ni haki kabisa. Nikaona hata waliotunga mchezo huu walikuwa na masale kwao.

Siku ya mashindano tulishuka mjini tukiwa nyuma ya fuso la ndizi. Uwanja ulikuwa wa sementi, karibu na mtaa wa Majengo, mistari imepakwa rangi nyeupe inayong'aa kama meno. Joto la bondeni lilitushika shingoni. Wapinzani wetu walikuwa vijana wa mjini wenye soksi zinazofanana, na walipoiona fulana yangu ya njano hawakuamini bahati yao.

"Mahindi! Mahindi! Kilo shilingi ngapi?"

"Leo tunasaga!"

Niliwajibu kwa mikono. Nasema kweli, siku ile nilicheza. Kila walichopiga nilikuwa chini yake. Mpira wa wavu unawapa mguso mara tatu tu kabla ya kuuvusha, na ule wa kwanza ndio unaoamua mingine miwili. Mimi nilikuwa mguso wa kwanza. Niliuinua, Elibariki akaupanga, mpigaji wetu akaushusha. Seti ya kwanza tukachukua. Ya pili wakachukua wao. Kufikia ya tatu, ile fupi ya pointi kumi na tano, watazamaji wa mjini walikuwa wameacha kucheka na kuanza kuniita kwa heshima: "Mzee wa Mahindi!"

Wakafika kumi na nne, sisi kumi na tatu. Wao ndio wenye kuanzisha. Tukiuvunja ule, tunalingana, na tunaendelea. Mwanzishaji wao alipiga mpira mrefu, mwepesi, uliokuwa ukiyumbayumba hewani kama jani. Ulikuja nyuma kabisa, upande wangu. Nilikuwa na muda wa kutosha. Niliutazama unavyoshuka nikaona, wazi kama mchana, kwamba hauangukii ndani wala nje. Unaangukia kwenye mstari wenyewe.

Miguu ikarudi hatua moja. Mikono ikanyooka pembeni, mitupu. Nikaita kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa pili wa wavu:

"Umedondoka!"

Mpira ukapiga katikati ya rangi nyeupe, ukaruka, ukaenda zake.

Mshika kibendera wa kona ile akakishusha, ncha ikaelekea chini. Leo najua maana yake: mpira uko ndani. Mimi siku ile nilikiona kibendera kinashushwa nikafikiri anafanya kama watu wazima wanavyofanya wakikutana mpakani, wakiweka panga chini kabla ya kuzungumza. Nikafurahi kwamba mjini nako wana adabu. Nikatembea mpaka mstarini, nikasimama, nikasubiri.

Nyuma yangu Elibariki alikuwa amepiga magoti kwenye sementi. Kule ng'ambo vijana wa mjini walikuwa wakirukiana. Mwalimu Masanja alikuja polepole.

"Kijana, unasubiri nini?"

"Nasubiri waje, Mwalimu."

"Nani?"

"Wa upande wa pili. Tuzungumze."

"Mstari ni wa uwanja," alisema. "Mpira ukigusa mstari, uko ndani. Wote. Hata ukigusa unywele wake." Kisha akaongeza taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe, "Nilifundisha hili siku ya kwanza."

Siku ya kwanza nilikuwa mferejini, nikikata.

Tulipanda mlima bila nyimbo. Mmoja wa wachezaji wetu akaanza kunidhihaki, na wengine wakamfuata, maana uchungu hutafuta mahali pa kwenda.

"Baraza la ardhi limeahirishwa!"

"Mwiteni mzee wa mtaa apime!"

"Kinu, huu ukingo wa fuso ni wa nani? Usije ukashuka bila kikao!"

Elibariki alingoja mpaka karibu na kwetu. Kisha akanigusa goti. "Ungeuliza tu, Kinu. Neno moja." Hakulisema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Nilipokuwa nikishuka, Mwalimu aliniambia nisije mazoezini Jumatatu. "Niache nifikirie kwanza," alisema. Nikajua tayari ameshafikiria.

Bibi alikuwa akimenya ndizi za mtori. Alinitazama mara moja, akaendelea kumenya.

"Wamewapiga."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa ngapi?"

"Kumi na tano kwa kumi na tatu."

"Hiyo si mbali." Kisu kilipita kwenye ganda. "Nani aliyekosea?"

Ningeweza kusema jua. Ningeweza kusema raba. "Mimi. Mpira wa mwisho ulikuja kwangu nikauacha."

"Ulichoka?"

"Hapana. Ulikuwa unaangukia mpakani, Bibi. Nikarudi hatua moja. Nikawaita."

Kisu kikasimama. Mimi nikaona hasira mahali ambapo baadaye nilikuja kuelewa kwamba palikuwa na kitu kingine. "Ukawaita," alisema hatimaye.

"Ndiyo. Hawakuja."

Alinipa chakula. Jumapili tulikwenda kanisani, tukarudi, hakuna neno. Nilijua ahadi ni ahadi. Nilianza kuunoa mundu, kwa sababu kazi yangu ilikuwa imerudi, na nilijiambia kwamba hata hivyo raba zilikuwa zikinibana, jambo ambalo lilikuwa uongo mtupu kwa raba zilizozidi vidole viwili.

Jumatatu baada ya masomo sikuweza kwenda nyumbani. Nilijificha kwenye migomba iliyo juu ya uwanja, nikawatazama wenzangu wakipokezana mpira. Mtu mwingine alikuwa amesimama mahali pangu, mrefu, mvivu wa kuinama. Ndipo nikamwona Bibi.

Alikuwa akishuka njia ya shule kwa sweta lake la Krismasi na kitenge cha kanisani, akitembea kwa shida kwa ajili ya mgongo. Mkononi alishika jani moja la isale, limekunjwa likafungwa fundo. Mimi masale nilikuwa nayajua ya mpakani tu. Nikaamini amekuja kuweka mpaka kati yangu na uwanja ule, mbele ya watu wote, mpaka ambao haung'olewi wala hausogezwi. Nilitaka kukimbia, lakini miguu ile iliyokuwa hodari wa kurudi nyuma ilikataa.

Wenzangu walipoliona jani waliacha kucheza mmoja baada ya mwingine. Aliyekuwa na mpira akauweka chini. Mwalimu Masanja peke yake hakuelewa.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu." Bibi akalinyoosha jani kwa mikono miwili. Mwalimu akalipokea, akaligeuzageuza.

"Asante, mama. Ni dawa?"

Kuna aliyecheka, akapigwa kiwiko. Elibariki akasogea. "Mwalimu, si dawa. Ni isale. Mtu akikuletea hilo anaomba msamaha. Huwezi kulikataa."

"Na nikilikataa?"

Elibariki akawageukia wenzake, wakatazamana. "Hatujui, Mwalimu. Hakuna aliyewahi."

Mwalimu akalishika vizuri zaidi. "Lakini, mama, wewe hujanikosea."

"Nimekukosea wewe na hawa watoto," Bibi alisema, akiwatazama mmoja mmoja. "Mjukuu wangu alikuja kwako na miguu niliyomfundisha mimi. Nilimchapa ili asiguse kilichoangukia mpakani. Sikujua huku kwenu mpaka unaguswa. Kosa ni langu, na limewanyima ushindi."

Nilisikia yote nikiwa kwenye migomba. Sikuwahi kumsikia Bibi akisema kosa ni lake, hata uji ulipoungua.

Mwalimu Masanja alifikiri, akainama, akauweka mpira juu ya mstari wa majivu. "Mama, tazama. Mstari huu ni wa uwanja huu. Kwa hiyo hapa ni ndani."

"Na jirani?"

"Jirani hana lake hapa."

"Nusu?"

"Hata robo."

Bibi alitikisa kichwa taratibu. "Huo ni unyang'anyi," alisema. "Lakini kama mmekubaliana wote, haya. Ila mngemwambia. Mtoto hasomi mawazo."

"Ni kweli." Mwalimu alitazama jani mkononi mwake. "Nilifundisha siku ambayo hakuwepo, na sikuuliza nani hayupo. Jani hili tungegawana, mama, nusu kwa nusu. Mwambie arudi."

"Mwambie mwenyewe. Yuko kwenye migomba ile. Miguu yake inaonekana tangu nilipokuwa njiani."

Nikatoka. Hakuna aliyenizomea. Niliposimama mbele ya Bibi nilisema, kwa sababu sikutaka kuiba, "Bibi, ulisema tukishindwa, basi."

"Nilisema mkishindwa nyinyi," alijibu. "Nyinyi hamkushindwa. Nilishindwa mimi. Ingia ndani." Nilikuwa nimeshaukanyaga mstari aliponiita tena. "Lakini majani ya watu utayalipa mwenyewe. Msamaha haukati majani."

Mwaka uliofuata tulirudi mjini kwenye sementi ileile, nami kila kilichogusa mstari nilikiokota kama mali yangu. Tulishinda seti mbili kwa bila. Nalitaja kwa kupita tu, ila kama kuna anayetaka kulisikia kwa urefu, anajua nyumba yangu ilipo.

Ila siku ninayoikumbuka kuliko hiyo ilikuja mapema zaidi. Nililipa majani kwa wiki nyingi. Niliamka kabla ya kengele ya kanisa, nikashuka mferejini na ukungu miguuni, nikakata mizigo miwili, mmoja wa ng'ombe wetu na mmoja wa deni, kisha nikaenda shule nikinuka kijani. Jioni nilicheza. Fulana niliifua kwa mikono yangu, nikaipiga pasi ya mkaa, nikampelekea Babu Tarimo. Aliinusa kwapani.

"Nilikuambia usiitie jasho la kushindwa."

"Nisamehe, Babu."

"Nimesikia kilichotokea. Jasho hili nalivaa kanisani." Na kweli aliivaa, hindi na yote, chini ya koti.

Raba nilizishona upande uliofumuka kwa uzi wa katani, nikamrudishia kaka yake Elibariki. Alizitazama akasema hazijawahi kuwa nzima hivyo tangu azinunue.

Ukabaki mzigo mmoja, wa Mama Aika. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mlima umejifunua wote, theluji yake iko karibu kama shuka iliyoanikwa. Nilikuwa nimekata mzigo mkubwa kuliko nilioukopa, majani machanga ya tembo na ya mfereji, nikaukandamiza kwa kamba mpaka ukalia. Niliupandisha kichwani peke yangu. Mama Aika aliniona nikiingia uani kwake.

"Yesu wangu! Kuna mzigo unatembea. Kinu yuko wapi?"

"Niko chini yake, Mama Aika. Shikamoo."

"Marahaba. Nilisema mimi, mtoto huyu hatafika popote. Sasa anafika kila asubuhi, hataki niendelee kulala."

Nikautua. Alikata kamba, akaingiza mkono mpaka katikati ya mzigo kutafuta majani makavu, akatoa mkono, akanusa. Hakukuta.

"Ndio wa mwisho," nilisema. "Nimemaliza?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nilikula majani yako?" Akachukua kumbatio moja, akalitupa horini. "Aliyekukopesha ni huyu."

Ng'ombe wake alikuwa mkubwa, wa kahawia, mwenye jeuri. Aliyatazama majani, akageuza kichwa, akanywa maji kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Mama Aika alikunja mikono kifuani. Nilisikia hatua nyuma, nikageuka: Bibi alikuwa amefika mpaka kwenye masale, upande wetu, hakuvuka. Alikuwa ameshika mgongo kwa mkono mmoja. Tukasimama wote watatu kumsubiri ng'ombe.

Akanusa. Akapiga chafya. Akaingiza mdomo wote, akaanza kula, polepole, taya likizunguka, majani yakining'inia pembeni.

"Limekwisha," alisema Mama Aika, na sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyowahi kuisikia. "Nenda, mwanangu. Huna deni hapa."

Sikupata hata nafasi ya kushukuru. Bibi ndiye aliyesema, mwanamke yule mkavu wa maneno. Aliweka viganja pembeni mwa mdomo, akageukia bondeni, akaita kwa nguvu zote za mapafu yake, kwa Kiswahili, ili hata waliotoka mbali wasikie:

"Mjukuu wangu hadaiwi! Hadaiwi na mtu yeyote!"

Kisha kutoka chini, kupitia migomba yote ile, ikapanda sauti ya Babu Tarimo, imekasirika kwa sababu ilikuwa bado mapema na alikuwa amelala:

"Tumesikia!"